Kitambua Moshi Kilicholinda Sofa

Kama umewahi kukatiza mitaa ya Mikocheni B jioni, unaijua picha yenyewe. Ukuta mrefu, juu ya ukuta nyaya za umeme, getini kibao cha kampuni ya ulinzi, na kwenye kona ya nyumba kisanduku cheupe cha king'ora chenye taa inayokonyeza. Siku hizi ndani ya nyumba hizo kimeongezeka kitu kingine: kisahani cheupe cha plastiki darini, ukubwa wa kisosi. Hicho ni kitambua moshi. Mara nyingi mwenye nyumba hakukitafuta. Kilikuja ndani ya kifurushi cha ulinzi: sensa nne za milango, sensa mbili za mwendo, kamera, rimoti, na "hiki cha moshi tunakuongezea bure, mama."

Shangazi yangu aliongezewa bure. Mwezi uliopita akanipigia. "Mwanangu, wewe si unasoma fizikia? Njoo unitazamie hiki kidude, kina taa nyekundu inakonyeza, sijui kinataka nini." Nikaenda Jumamosi asubuhi, na kopo dogo la moshi wa majaribio nililoazima maabara.

Taa inayokonyeza ni jambo la kawaida. Kifaa kinakwambia kipo hai. Nilimweleza, akaridhika, na ningeweza kunywa chai yangu nikaondoka. Lakini kopo nilikuwa nalo mkononi. Nikapanda kwenye kiti, nikapuliza. Taa ikaacha kukonyeza, ikawaka moja kwa moja: maana yake kimeona moshi. Tukasubiri sauti. Sekunde kumi. Thelathini. Dakika nzima. Kimya. Feni tu inazunguka.

Nikampigia fundi aliyefunga. Alijibu bila wasiwasi wowote. "Mama alilalamika kinalia kila akifukiza udi. Nikakihamishia zoni ya kawaida. Mfumo ukiwa umewashwa kinafanya kazi, ukiuzima na chenyewe kinatulia."

Nikamgeukia shangazi: huwa mnauwasha lini? "Tukisafiri. Usiku siwashi, maana binti anaamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto shule, akipita koridoni tu king'ora kinaamsha mtaa mzima."

Hebu ziweke kauli hizo mbili pamoja. Kitambua moshi kinafanya kazi mfumo ukiwashwa. Mfumo unawashwa nyumba ikiwa tupu. Kwa hiyo kwa miezi minane, katika nyumba anamolala bibi yangu mwenye miaka zaidi ya themanini, watoto wawili, binti wa kazi, shangazi na mume wake, kifaa hicho kilikuwa macho pale tu ambapo hapakuwa na mtu wa kuamshwa. Kilikuwa kinalinda sofa.

Sitaji kampuni wala fundi, na si kwa woga. Baada ya siku ile nimeangalia nyumba nyingine tatu za ndugu na marafiki, mbili Mikocheni na moja Temeke. Nyumba nne si utafiti, tafadhali usininukuu hivyo. Lakini zote nne zilikuwa na tatizo lenye mzizi mmoja, na mzizi huo hauko kwenye mikono ya fundi mmoja. Uko kwenye wazo lenyewe linalouzwa: kwamba moto ni aina nyingine tu ya mwizi, na kwamba ukiwa na kengele ya mmoja umeshapata ya mwingine. Wazo hilo ndilo ninalolihakiki hapa.

Vifaa viwili, hofu mbili

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa anajaribu kuunda kifaa cha kunasa gesi ya sumu. Gesi haikusogeza mshale wa mita yake hata kidogo. Kwa kukata tamaa akawasha sigara, na mara mshale ukasogea. Chembe za moshi zilifanya kile ambacho gesi ilishindwa. Hapo ndipo ukoo wa vitambua moshi vingi unapoanzia.

King'ora cha nyumbani kina ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1966 nesi mmoja wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mume wake Albert, waliomba hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumba wenye kamera na televisheni, na wakaipata Desemba 1969. Ulimwezesha mtu aliye ndani kumwona aliye mlangoni bila kumsogelea. Ulikuwa na kitufe cha kuita msaada, na kingine cha kufungua mlango ukiwa mbali nao. Kikumbuke hicho cha kufungua mlango, nitakirudia.

Hofu hizo mbili zinadai matendo yanayopingana. Mwizi yuko nje anataka kuingia. Unafunga, unabaki ndani, unamwita mtu mwingine aje. Moto uko ndani pamoja nawe. Unafungua, unatoka, na msaada unauita ukiwa umeshafika nje. Mfumo uliobuniwa kwa hofu ya kwanza ukipewa kazi ya pili bila kufikiriwa upya, utaifanya kwa mantiki ya ile ya kwanza. Makosa yote nitakayoyataja yanatoka hapo.

Kifaa kinafanyaje kazi, na kina muda gani

Vitambua moshi vya majumbani viko vya aina mbili kuu. Cha kwanza kinatumia mwanga. Ndani yake kuna chumba kidogo cheusi, taa upande mmoja, na jicho la kielektroni lililowekwa kwa pembe ili lisiuone mwanga wa taa ile moja kwa moja. Moshi ukiingia, chembe zake zinautawanya mwanga, sehemu yake inaangukia kwenye jicho, kengele inalia. Ni kama miale ya jua inayopita kwenye tundu la bati: huioni mpaka vumbi lipite.

Cha pili kinatumia kiasi kidogo sana cha ameriksi-241, elementi yenye mnururisho. Miale yake ya alfa inaipa hewa chaji ya umeme, mkondo mdogo unapita, na moshi ukiingia mkondo huo unapungua. Cha mwanga huwahi zaidi moto unaofuka polepole, kama godoro lililoangukiwa na sigara au waya unaoungua taratibu ndani ya ukuta. Cha ameriksi huwahi zaidi moto unaolipuka kwa ndimi. Vingi ninavyoviona Dar siku hizi ni vya mwanga, na kwa vyumba vya kulala ni chaguo zuri.

Sasa muda. Wataalamu wa taasisi ya UL ya Marekani wamekuwa wakieleza kwamba miongo kadhaa iliyopita mtu alikuwa na takriban dakika 17 za kutoka kwenye nyumba inayoungua, na kwamba leo zinaweza kuwa 3 au pungufu. Kilichobadilika ni vitu vya ndani. Sofa la leo limejaa sponji ya plastiki, zulia ni la plastiki, pazia nalo ni la plastiki, na plastiki inaungua haraka na kutoa moshi mzito.

Na wengi hawauawi na ndimi za moto, wanauawa na moshi. Ndani yake kuna kaboni monoksidi, gesi inayong'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haina harufu. Moshi wenyewe una harufu, ndiyo, lakini usitegemee pua ikuamshe: mtu akiwa usingizini kabisa, pua yake nayo imelala. Ndiyo maana inahitajika sauti.

Kwa hiyo kazi ya kitambua moshi ni moja: kumwamsha aliyelala, mapema, akiwa bado na nguvu za kutembea. Kupeleka taarifa kwenye simu, kupiga picha, kumjulisha mlinzi, hayo yote ni mazuri, lakini yanakuja baadaye. Nimekipima kila nilichokiona kwa kipimo hicho.

Kosa la kwanza: zoni

Paneli ya king'ora huzigawa sensa kwa zoni. Zoni ya kawaida husikilizwa pale tu mfumo unapowashwa, jambo ambalo kwa mlango lina mantiki: hutaki kelele kila mtoto anapotoka kucheza. Lakini paneli hizo hizo zina zoni ya saa 24, ambayo inasikilizwa wakati wote, mfumo uwe umewashwa au umezimwa. Moshi ni wa huko. Ni mpangilio wa dakika chache, wala hauhitaji kifaa kipya.

Fundi wa shangazi aliijua zoni ya saa 24. Aliikwepa kwa sababu ya udi, na hapa nataka kumtendea haki, maana usumbufu ulikuwa wa kweli. Kitambua moshi cha mwanga hakijui tofauti kati ya udi wa Ijumaa na kitanda kinachofuka. Vyote ni chembe hewani. Dawa ya mbu ya kuzungusha, chapati zinazoungua, vumbi, hata sisimizi aliyeingia kwenye kile chumba cheusi, vyote vinaweza kukiliza. Mtu akiamshwa bure mara tatu, mara ya nne anatoa betri. Kifaa kinachosumbua kitanyamazishwa tu, na aliyekinyamazisha hana akili mbovu, amechoka.

Dawa yake ni kukihamisha. Jikoni, mahali pa moshi wa kila siku, hufungwa kitambua joto, ambacho vingi huamka joto likifika karibu nyuzi 57 na havijali chapati. Cha moshi kinakaa koridoni nje ya vyumba vya kulala na ndani ya vyumba vyenyewe, mbali na chetezo. Kule sebuleni kwa shangazi kiliwekwa kwa sababu ndipo waya wa sensa ya mwendo ulipokuwa umeshapita. Yaani mchoro wa mwizi ndio uliochagua mahali pa kunusa moto.

Kuna jambo jingine la waya ambalo huwezi kuliona kwa macho. Saketi ya sensa iliyofungwa vizuri huwa na rezista ndogo mwishoni, kwenye kifaa cha mwisho kabisa, ili paneli ipime muda wote kama waya ni mzima. Isipofungwa hivyo, panya akiukata waya darini paneli itaendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Katika nyumba mbili kati ya zile nne rezista ilikuwa imefungwa ndani ya paneli yenyewe, mahali ambapo haipimi chochote.

Kosa la pili: sauti

Tulirudia jaribio, safari hii mfumo ukiwa umewashwa. Nikapuliza. King'ora kikalia, na kweli kililia: kile cha nje, juu ya ukuta. Mlinzi akachomoka kibandani na rungu, akakimbilia nyuma ya nyumba kumulika kwenye uzio. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Sauti ile kwake ina maana moja tu. Nyumba ingekuwa inaungua kweli, angepoteza dakika ya kwanza akimtafuta mtu kwenye michongoma.

Bibi je? Alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Nilipoingia akaniuliza, "Hiyo gari ya nani inalia huko?"

Vitambua moshi vya kujitegemea, vile vya betri, hujengwa vitoe desibeli 85 ukiwa mita 3 kutoka kwenye kifaa. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu unapoteza desibeli 6. Kwa hesabu hiyo, mita 12 zinakuachia 73. Mlango uliofungwa unaweza kula 15 au zaidi, unabaki na 58 hivi, halafu kuna kiyoyozi. Kiwango cha Marekani cha kengele za moto, NFPA 72, kinataka desibeli 75 kwenye mto wa aliyelala. Na vile vinavyouzwa kwa ajili ya paneli, kama cha shangazi, mara nyingi ni bubu kabisa: vina taa tu, sauti vinaiachia paneli. Paneli nayo inaipeleka nje, kwa sababu mwizi ndiye aliyekusudiwa kutishwa.

Kwa watoto hali ni ngumu zaidi. Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, kikishirikiana na zimamoto wa Derbyshire, kiliwajaribu watoto 34 wakiwa wamelala nyumbani kwao. Watoto 27 kati yao waliendelea kulala kengele ikilia, na kati ya wavulana 14 hakuamka hata mmoja. Watafiti wa Australia, akiwemo Dorothy Bruck, walionyesha kwamba sauti nzito ya karibu hezi 520 huamsha watu vizuri kuliko ule mlio mwembamba wa hezi 3,000 na ushee tuliouzoea. Hiyo inanipa sababu moja nzuri ya kuunganisha vifaa: paneli inaweza kulisha kipaza sauti kizito ndani ya kila chumba. Sikukiona katika nyumba yoyote.

Mlio nao uwe tofauti na wa mwizi. Katika nchi kadhaa mlio wa kuhama jengo kwa sababu ya moto unafuata mdundo mmoja: milio mitatu, kimya kifupi, milio mitatu tena. Paneli nyingi zinaweza kuutoa zoni ikiandikwa kuwa ya moto. Ukisikia mitatu-mitatu, toka nje. Ukisikia mmoja mrefu, baki ndani. Mtoto wa darasa la pili anaelewa, na mlinzi anaelewa.

Kosa la tatu: simu

Nyumba ya Temeke ilikuwa ya kupanga, vyumba sita, na rafiki yangu mpangaji alikuwa amejinunulia kitambua moshi cha waifai kinachotuma ujumbe kwenye simu. Anajivunia sana. "Hata nikiwa Morogoro najua nyumba ikiungua."

Ni kweli, atajua. Lakini fuata safari ya ujumbe huo. Kifaa, kisha ruta, kisha kampuni ya intaneti, kisha kompyuta fulani ng'ambo, kisha kurudi mpaka kwenye simu iliyo mita nne kutoka kilipo kifaa. Umeme ukikatika ruta inazima, na shoti ya umeme inayoanzisha moto ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukata umeme. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima tuliona intaneti ikilegea kwa siku kadhaa. Ujumbe wa kuokoa maisha haupaswi kupita chini ya bahari kwanza.

Paneli zinazotumia laini ya simu ziko mbele kidogo, mradi laini ina salio na haijafungwa kwa kutotumika. Katika nyumba moja ya Mikocheni laini ilikuwa imekufa zamani, na paneli haikuwa na njia ya kumwambia mwenye nyumba. Betri ya akiba nayo ipimwe. NFPA 72 inataka mfumo wa nyumbani ukae saa 24 bila umeme, halafu bado uweze kupiga kengele ya moto dakika 4. Zima umeme wa nyumba Jumamosi asubuhi, kajaribu Jumapili asubuhi. Utajua.

Hata kila kitu kikienda sawa, nani anakuja? Kampuni ya ulinzi itatuma vijana na gari. Hawana maji wala vifaa vya kupumulia. Anayetakiwa ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, bure. Muulize anayekuuzia mfumo: mkipata taarifa ya moto kwangu, mnapiga 114 kwanza au mnatuma gari kwanza kuhakikisha? Mmoja alinijibu kwa uaminifu kwamba wanahakikisha kwanza. Piga picha foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki saa kumi na mbili jioni, halafu zirudie zile dakika 3.

Grili

Sasa tufike mahali ambapo mauzo ya ulinzi hayapendi kufika. Februari 2015 watu sita wa familia moja walikufa kwa moto Kipunguni, hapa Dar. Agosti mwaka huo huo wakafa tisa wa familia moja Buguruni Malapa. Kila baada ya msiba wa namna hiyo mazungumzo ya mtaani yanarudi palepale: nyumba zetu zimefungwa vyuma kila upande, mtu anatokaje? Wenzetu wa Kenya waliuliza hivyo hivyo Machi 2001, baada ya wavulana 67 kufa katika bweni la Kyanguli, Machakos, ambako mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Kwa shangazi kila dirisha lina grili la nondo lililochomelewa moja kwa moja. Mlango wa mbele una grili na kufuli. Wa jikoni vilevile. Funguo za usiku zinakaa kwenye mkoba wake, mkoba uko kabatini. Huo ni ulinzi mzuri sana dhidi ya mwizi.

Kitambua moshi kikilia kwa wakati, kwa sauti sahihi, chumbani kwa kila mtu, kitamwamsha bibi ili afike kwenye kufuli. Sikatai umuhimu wa kuamka. Nasema kwamba anayekuuzia kengele ya moto bila kukuuliza ufunguo uko wapi hajakuuzia usalama wa moto.

Na hapa ndipo nakirudia kitufe cha Marie Brown. Mfumo wake wa ulinzi wa nyumbani uliweza kufungua mlango. Paneli za leo zina swichi za ndani zinazoweza kuachia kufuli la sumaku la mlango au kufungua geti la umeme pale zoni ya moto inapolia. Uwezo upo, umelala, kwa sababu tumenunua mfumo wa kufunga tu. Hata bila umeme wowote, grili moja kwa kila chumba cha kulala linaweza kuwekewa bawaba na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, mbali na mkono wa aliye nje. Mchomeleaji yeyote wa Mwenge anaijua kazi hiyo.

Basi tusiunganishe?

Tuunganishe. Takwimu za NFPA za Marekani zinaonyesha kwamba, kwa kila moto 1,000 wa nyumbani ulioripotiwa, vifo ni pungufu kwa takriban asilimia 60 katika nyumba zenye vitambua moshi vinavyofanya kazi, ukilinganisha na zisizo navyo au ambazo vyao havikulia. Na muunganiko una faida zake za kweli. Moto ukianza stoo, kengele inalia chumbani kwa bibi. Ukianza mchana watu wakiwa kazini, jirani au Zimamoto wanaweza kujulishwa. Kwa kiziwi, paneli inaweza kuwasha taa kali na kutikisa kitanda.

Ila mpangilio ufuate kazi. Kwanza kifaa kiweze kulia chenyewe, kwa betri yake, hata paneli ikifa. Ndipo kiiambie paneli. Ndipo paneli iiambie dunia. Kama huna pesa ya mfumo, vitambua moshi viwili au vitatu vya betri vinavyoitana vyenyewe kwa mawimbi ya redio vitakufaa kuliko kifurushi chote cha Mikocheni kilichofungwa kama cha shangazi. Tazama alama ya EN 14604 au UL 217 na tarehe ya kutengenezwa. Baada ya miaka 10 kibadilishwe, hata kama taa bado inakonyeza.

Na kabla hujamlipa fundi, muulize haya mbele ya kifaa:

- Nikizima mfumo, hiki kinalia? Nionyeshe sasa hivi.
- Kinalia ndani au nje? Nifungie mlango chumbani nisikie.
- Mlio wake na wa mwizi unatofautianaje?
- Umeme na intaneti vikikatika, kinabaki na nini?
- Nani anapiga 114, na baada ya muda gani?

Ukijaribu, ijulishe kampuni ya ulinzi kwanza, na usichome karatasi chini ya kifaa. Kina kitufe cha majaribio, na fundi makini huwa na kopo.

Kwa shangazi tulifanya jaribio la tatu wiki mbili baadaye, saa nne usiku, watu wamelala. Kitambua moshi kilikuwa kimehamia koridoni, zoni ya saa 24, kipaza sauti kizito chumbani kwa bibi na kwa watoto, ufunguo umening'inizwa kwenye msumari karibu na mlango, juu kidogo ya mkono wa mtoto mdogo. Mlinzi alisikia mitatu-mitatu, akafungua geti badala ya kukimbilia uzio. Watu wote walifika uani kwa dakika moja na sekunde hamsini, bibi akiwa na kanga begani na kulalamika.

Nasema wote, lakini si wote walioamka. Binamu yangu wa miaka tisa alibebwa na binti wa kazi akiwa bado amelala fofofo, na asubuhi alikataa kabisa kwamba alitoka nje. Kwa hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji, chini ya namba 114, shangazi ameandika kwa kalamu nyekundu nani anambeba nani.